Kwa Kondo, Anayekwenda Kwenye Kwelea

Kondo mwanangu,

Najua utacheka kwanza. Tunakaa nyumba moja, mchana huu tumekula sahani moja, halafu mjomba anakuandikia kama vile uko ng'ambo. Cheka, lakini usome mpaka mwisho. Ningeweza kukusubiri urudi kutoka Buguruni ulikokwenda kumuaga mama yako, nikakwambia yote kwa mdomo. Ila mdomo wangu unaujua. Nikianza habari ya kuku, inaishia kwa mbuni. Kalamu afadhali, kwa sababu inakwenda polepole, na mie niliyeishia darasa la tatu kila neno linanitoa jasho. Nguvu ya kutia chumvi siipati. (Lilikuwa la pili. Unaona?)

Habari za kuchemsha maji, za kutolala karibu na mlango wa behewa, za kufunga hela kiunoni, Bi Zena mke wangu amekwisha kukusomea tangu Ijumaa, na kesho stesheni atakusomea tena mbele za watu. Sirudii. Mie nina langu moja. Naogopa ile dawa ya kuulia ndege. Tangu juzi chakula hakipiti, namwambia Bi Zena ni jino.

Mtaa mzima wa Temeke unajua kwamba niliyekutia kwenye kazi hii ni mimi. Siku ile yule bwana wa mashamba wa Kizungu alipoingia kinuni kwetu tunakokoboa mpunga, mie nilikuwa juu ya magunia ya mpunga, nashona midomo. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Nani hapa najua ndege? Ndege ndogo-ndogo?" Wapagazi wakatazamana. Mtu mwenye akili angeendelea kushona. Mie nikaruka chini na sindano mkononi.

"Bwana, yupo mpwa wangu! Huyo akisikia bawa tu, anakwambia ndege katoka wapi na kala nini."

Wenzangu wakaguna. Nikasikia mmoja ananong'ona, "Ameanza." Basi nikazidisha. Nikasema unawajua hata ndege ambao hawajafika bado.

Mwanangu, unajua niliona nini kichwani mwangu saa ile? Nilikuona umevaa kaptula nyeupe iliyonyooka, darubini shingoni, unatembea bustanini kwa mabwana unawaonyesha ndege chozi. Maana Wazungu wote niliowahi kuwaona wanaulizia ndege, wanawaulizia kwa mapenzi. Kule kwenye nyumba zao za ufukoni wanawawekea maji katika bakuli la jiwe, maji masafi kuliko haya tunayopigania sie bombani. Mzungu aje mpaka kinuni kutafuta mjuzi wa ndege, atakuwa anataka nini kingine? Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Sikuuliza. Katika umri wangu wote mie ni mtu wa kujibu, si mtu wa kuuliza.

Akaja nyumbani, unakumbuka alivyokaa kwenye kigoda cha Bi Zena magoti yanafika masikioni. Ukachukua lile sinia letu lililotoboka, ukamwaga chenga za mchele, ukaliweka pale chini ya mchongoma. Ukamwambia kwa sauti ndogo, "Watatangulia jurawa. Watakaa safu moja wamebanana. Halafu shomoro wataleta ugomvi. Tetere watakaa juu ya makuti kwanza, wajifanye hawana njaa." Ikawa hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kama vile uliwaandikia zamu. Kifua kilinijaa, nikataka kuita majirani.

Bwana yule hakuandika kitu. Jurawa hakuwaandika, tetere hakuwaandika. Mwisho akauliza, "Na usiku nalala wapi?"

Ukamwambia kuhusu yale matete ya bonde la Kizinga. Ukamwambia jua likikaribia kuzama wanashuka kwa pamoja, kelele zao kama mvua juu ya bati, halafu ghafla kimya, kama mtu kazima taa. Hapo ndipo akatoa kalamu. Aliandika hilo tu. Na mie pembeni natabasamu kama bwana harusi.

Tulipokwenda kwa karani ndipo tukaambiwa kazi yenyewe. Kwelea, wale ndege walao mtama wa kule bara, upande wa Dodoma, wanaofunika jua wakipita. Wewe utangulie kutafuta wanapolala. Magharibi eropleni ipite juu yao imwage dawa. Alfajiri mwingie chini ya miti kutazama waliokufa. Nilicheka, nikidhani karani ana utani. Akanitazama tu juu ya miwani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema, "Hatutaki, kazi gani hiyo, mtoto aliyelisha ndege akaue ndege?" Tulipofika uani ndipo ukanijibu:

"Mjomba, kule watoto wanakesha shambani wanapiga madebe, na mtama unaliwa vile vile. Sie tumewalisha ndege kwa chenga za kufagia. Wenzetu wanalazimishwa kuwalisha, wakimaliza wanalala njaa. Kama najua wanapolala, nifiche?"

Sikukukatalia. Kwetu mjomba akisema hapana ni hapana, hata mama yako asingepinga, na ulinitazama ukisubiri niseme. Nikasema nenda. Nilisema kwa sababu ulikuwa na haki. Lakini pia, na hapa kalamu inanibana, nilisema kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwatangazia kinuni kwamba mpwa wangu kaajiriwa na Serikali.

Si mara ya kwanza mdomo wangu kula ndege. Ile habari ya tetere wa mwanzo hujawahi kuambiwa sawasawa, ulikuwa mdogo, hata kofia ya chuo cha Kurani ilikuwa inakufunika macho.

Nilikuwa barazani kwenye kahawa, na mtani wetu Maganga yupo, yule Mnyamwezi wa nyumba ya pili, bado nywele zake nyeusi. Nikajisifu. Nikasema tetere wa uani kwangu wananijua kwa jina, nikikohoa tu wanashuka, hata aje sultani hawaruki, ni wangu kama kuku walivyo wa mtu. Maganga akaweka kikombe chini.

"Wako?"

"Wangu."

"Mmesikia nyote? Mzaramo kasema ni wake. Na cha Mzaramo ni cha nani?"

Watu wakapiga kelele, "Cha mtani wake!"

Nikacheka, nikaenda zangu. Kesho yake, mie niko kinuni, Maganga kaja nyumbani, kamwomba Bi Zena sinia na chenga, na Bi Zena kampa kwa mkono wake akidhani mtani kaja kupunga upepo. Jioni ananiita kwake nikale. Ugali, na mchuzi mzito wa nazi. Nikala, nikaramba vidole, nikauliza, "Mtani, kuku gani huyu mtamu hivi?"

"Kuku? Hao si wale wanaokujua kwa jina? Nimekohoa, wakashuka."

Unajua mwiko wa utani. Mtani akikufanyia jambo, ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa, na watu watakucheka mpaka kizazi chako. Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, na watu wakadhani ni ya kicheko yote.

Wewe ukawa unakaa mbele ya sinia kila alasiri. Ukaniuliza, "Mjomba, tetere wamekwenda wapi?" Nikakwambia wamekwenda kuhiji Makka. Nikakupambia na njia waliyopita, na bandari walikopumzika, na kwamba watarudi na vilemba. Ukaenda kuwaambia wenzako chuoni. Ukawa unawawekea maji, kwa sababu safari ni ndefu na watafika na kiu.

Maganga akakuona. Alikuja mlangoni na kikapu cha mtama, hakukaa, hakutania. Akasema, "Mtani, nilikula vyako. Sikujua kama ni vya mtoto." Mtama anaotuletea kila mavuno ulianzia hapo, na wewe siku zote unadhani ni ukarimu wake tu.

Masika yalipokwisha wakaja tetere wengine. Nikashangilia, nikasema, "Mahujaji hao, wamerudi!" Ukawatazama kwa muda mrefu, kidole mdomoni. Ukasema, "Hawa sio wale. Mmoja wa wale alikuwa na ukucha uliokatika." Ukawawekea chenga, hukuniuliza tena. Mie mtu mzima niliyekuwa nikiwatazama kila siku, nikiwapigia domo mtaa mzima, ule ukucha sikuwahi kuuona.

Toka siku ile nikaanza kukaa karibu nawe kutazama. Si kwa kuwa napenda ndege, mwanzoni. Nilitaka kuona unachokiona. Nikitoka kinuni na vumbi la pumba kwenye nyusi, naoga, Bi Zena anatuwekea chai, tunakaa kizingitini. Unajua kwamba ile ndiyo saa pekee ya siku ambayo siongei? Bi Zena alikuwa anatoka jikoni kuhakikisha kama nipo. "Wanaume wenzio wanafuga mbuzi," ananiambia, "wangu anafuga vya angani, vikishiba vinaaga." Kisha anajisahau, naye anakaa na mwiko mkononi. Shore anakuja na kishungi chake kama karani mpya. Chozi anasimama hewani mbele ya ua la mbono. Wale jurawa wakibanana juu ya kamba ya nguo mpaka wa mwisho anaanguka, na wewe unacheka puani usiwashtue. Nimetembea nchi hii mpaka Mikindani, nimepigana na chatu aliyenizidi urefu (acha, alikuwa kenge), na bado sijaona kitu kinachonituliza kama ile saa.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Juzi Maganga alikuja kuniita kando ya ua. Kofia alikuwa ameivua.

"Mtani, leo sitanii."

"Sema."

"Shemeji yangu alifanya kazi ile anayokwendea mtoto. Karudi. Sikutaka kukwambia, nikaona nisipokwambia sitalala."

Akanieleza. Jamaa alikuwa anaingia alfajiri, majani yakiwa bado yamelowa ile dawa. Ilianza kwa mate, mate yanamjaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Kisha jasho, na kulikuwa na baridi. Kisha kifua kikambana, na mchana kweupe akawa anaona ukungu. Msimamizi wake akasema ni malaria, akampa kwinini, kesho yake akamrudisha msituni. Siku hizi yuko kwao, anakula vizuri, ila akishika kikombe utasikia kinavyogonga kisahani. Mtu kijana, Kondo. Nilimuuliza Maganga mara tatu kama ana hakika, nikitamani aseme ni utani, anicheke, aende akawachekeshe watu wote barazani kwa habari yangu. Hakucheka.

Akaniambia na jingine. Watu wa kule wanawala kwelea. Wakisikia wamekufa wengi wanakuja na vikapu, na watoto ndio wa kwanza, kwa sababu ni nyama ya bure. Hapo ndipo nilipokuogopea zaidi. Maana nakujua. Wengine watakapokwisha kutoka, wewe utabaki mle unafukuza watoto wasiokote. Utawanyang'anya wale ndege kwa mikono yako mitupu, na kitambaa watakachokupa cha kufunga puani utamfunga mtoto wa mtu. Siwezi kukwambia usifanye. Ningekuwa mimi nisingefanya, na ndiyo maana wewe ndiye unayenitia hofu.

Habari ya dawa siijui. Nimeuliza kinuni, kila mtu ananijibu kama ninavyojibu mie, kwa sauti kubwa na bila kujua. Ninalolijua ni la uani. Unakumbuka zile siku sinia limejaa na hakuna hata shomoro? Mie nilikuwa nasema wameshiba. Wewe ulikuwa unasema, "Ngoja, mjomba, pana kitu," na kweli tukitazama tunamwona kipanga juu ya mnazi, au paka ndani ya mchongoma. Mahali penye chakula kisicho na mlaji pana kitu. Basi huko ukifika alfajiri, simama nje kwanza. Tazama nzi. Mizoga iliyolala chini na nzi hawaigusi, usiguse wala usikanyage, ngoja jua lipande majani yakauke. Tazama kunguru. Kama wale waroho wamekaa mbali juu ya miti hawashuki, na wewe kaa mbali. Wakikuita mwoga, kubali. Mie nimeitwa muongo miaka yote na bado nakula ugali.

Jingine linalonitesa ni kwamba hujui kusema uongo. Nimekulea mimi, Rajabu, na hujashika hata kidogo. Siku ile tajiri wa kinu aliponiuliza chenga ninazofagia nazipeleka wapi, nikasema nampikia uji mke wangu mgonjwa, hali yake mbaya sana. Ukaingia wewe na chakula changu cha mchana. Akakuuliza, "Mama hajambo?" Ukasema, "Hajambo, anaimba." "Na chenga?" "Wanakula ndege, bwana." Nilitamani niingie ndani ya gunia nijishone. Tajiri alicheka siku nzima, chenga akaniachia. Kwa hiyo ukweli wako hapa ulikuwa baraka. Kule sijui. Kule, msimamizi akikuuliza unaweza kazi, utasema naweza, kwa kuwa unaweza. Akikwambia ingia, utaingia, kwa kuwa uliahidi. Utasubiri mpaka ukweli wenyewe uonekane mikononi mwako, na mikono ikishaanza kutetemeka, wa kuirudisha simjui.

Kwa hiyo nakupa uongo mmoja. Ni wa kwangu, nimeutengeneza leo tangu alasiri, ni mzuri kuliko yote niliyowahi kutunga, na nakukabidhi.

Ukiona mate yanajaa mdomoni bila sababu, usisubiri jasho. Usisubiri kuambiwa ni malaria. Nenda kwa msimamizi, sema umepata habari kwamba umefiwa. Sema nimekufa. Ukisema mjomba, watakuuliza, "Mjomba tu?" maana hawajui kwetu mjomba ni nani, basi sema ni baba. Sitachukia kuitwa hivyo. Hapa usibane maneno kama kawaida yako. Sema nimeangukiwa na magunia, sema kaburi linachimbwa, lia, shika kichwa. Msiba wa baba hawamnyimi mtu ruhusa, na kama watakunyima, ondoka hivyo hivyo, waache kofia yao na kitambaa chao.

Bi Zena akijua nimeandika haya tutagombana, atasema nimejiita kaburini kwa mkono wangu mwenyewe. Usimwonyeshe. Na mie sikufichi, nilipoandika lile neno, nimekufa, niliweka kalamu chini kwanza. Lakini nimelipima. Likinipata kweli, nina umri wangu, nimekula, nimeona.

Na usiniandikie kwanza kuniuliza kama hali hiyo inatosha kurudi. Barua inachelewa njiani na dawa haichelewi. Niue tu, upande gari la moshi.

Mjomba wako,
Rajabu